Uliza Shangazi: Krismasi imefika na watoto wanataka mall

Habari Shangazi. Mimi nakaa Kangemi na watoto wangu wawili. Tangu ile mall ya Sarit ipanuliwe wamekataa kabisa nguo za kununuliwa kwingine, ni twende mall kama wenzao. Desemba iliyopita niliwapeleka kwa jumba moja hivi, lilikuwa limetoka tu kurekebishwa, nilikuwa na elfu kumi na mbili, nikatoka na mifuko miwili na tukarudi nyumbani kwa miguu juu hata nauli iliisha. Na kuna siagi niliona 320 kwa rafu, kwa keshia ikasoma 385, nikanyamaza kwa sababu laini nyuma yangu ilikuwa ndefu. Mwaka huu nifanyeje?
Mama Wawili, Kangemi

Mama Wawili pole sana, hiyo ya kutembea Waiyaki Way na watoto na mifuko jioni imenikaa rohoni.

Tuanze na siagi maana hapo ndipo wengi wetu tunaumizwa na tunanyamaza. Ukiwa bado kwa rafu toa simu upige picha ya ile karatasi ya bei. Ukifika kwa keshia usiangalie watu, angalia kile kiskrini, kila kitu kinavyopita unasoma, ikitokea tofauti unamwonyesha picha, "naomba uniangalilie hii", anaita supavaiza na mara nyingi inarekebishwa hapo hapo bila kelele. Wakikataa unaiacha siagi yao, hujalipa bado. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei kwa hivyo huo si usumbufu, ni haki yako, na hao wa nyuma kwa laini watangoja. Lakini pia soma ile karatasi yote, sio tarakimu kubwa peke yake. Juu ya bei kuna vijiherufi vidogo vya jina na uzito, na wiki ya Krismasi watu wanashika vitu na kuviacha popote, unakuta mkebe wa gramu 500 umekaa juu ya bei ya gramu 250 na hakuna mtu amekudanganya.

Na hiyo karatasi ya rangi imeandikwa OFA isikukimbize. Piga hesabu ya kilo. Tuseme mchele wa kilo 2 ni 400 na ule mfuko mkubwa wa kilo 5 wenye ofa ni 1,050, huo mkubwa unakutoza 210 kwa kilo na mdogo 200. Hesabu ya sekunde kumi kwa simu, na mimi nimewahi kurudisha mfuko mkubwa kwa rafu zaidi ya mara moja.

Sasa watoto. Mama, hebu waulize vizuri ni nini wanachotaka huko. Wangu walipokuwa wadogo nilidhani ni nguo, kumbe ni zile ngazi za umeme, wapande, washuke, wapande tena, waone ule mti mkubwa wa Krismasi na taa, wale aiskrimu wakiwa wamekaa. Sarit iko hapo Westlands tangu 1983 na watoto wa Nairobi wameanza kutembezwa huko kitambo, hakuna aliyekulipisha kwa kutembea. Kwa hivyo tenganisha siku ya kununua na siku ya kutembea. Nguo na viatu nenda sokoni, Toi ama Gikomba ama Eastleigh, mapema Desemba, siku ya katikati ya wiki asubuhi, kabla bei hazijapanda, ubargain mpaka utosheke. Kwa mall hubargain, kodi ya duka na hizo taa zote ziko ndani ya hiyo bei. Halafu siku ya kutembea wavalishe hizo nguo mpya, uende na pesa ya aiskrimu na nauli ya kurudi kwa mfuko tofauti, noti kabisa, sio kwa simu.

Nasema sio kwa simu kwa sababu ukilipa na Till ya M-Pesa hukatwi ada lakini pia huoni pesa ikitoka, na salio likipungua inakuuliza kama utafuliza, yaani ukope hapo hapo kwa M-Pesa, watoto wanakuvuta mkono, unabonyeza. Fuliza ya Krismasi inalipwa na pesa ya fees ya Januari. Hiyo fees ihamishe M-Shwari, ile akiba ya kwa simu, hata kabla hujatoka nyumbani. Na beba kiondo chako, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 na ile ya kitambaa ya kwa keshia unanunua kila mara.

Shangazi, nilinunulia mamangu viatu nimpelekee ushago, risiti imeandikwa chini "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi". Nimegundua soli ya kimoja imeachana na hata havijavaliwa. Nimeumia ama?
Kijana wa Ruaka

Hujaumia. Hayo maandishi hayafuti sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 iko upande wako kitu kikiwa kibovu. Rudi na risiti na boksi, leo sio baada ya Krismasi, uombe meneja, vibadilishwe ama urudishiwe pesa. Wakikukazia unaweza kupeleka malalamiko Mamlaka ya Ushindani. Ila kama shida ingekuwa ni saizi, ama mama hajapenda rangi, hapo ni hiari ya duka, kwa hivyo wakati mwingine uliza KABLA hujalipa wanabadilisha kwa siku ngapi na uwaambie waandike kwa risiti. Msalimie mama.

Mbona lazima tupekuliwe hivyo kwa mlango wa mall, laini inafika barabarani na jua ni kali?
Msomaji, South B

Ndugu yangu, Septemba 21, 2013 ilikuwa Jumamosi, watu wameenda mall ya Westgate kununua vitu na watoto wao kama wewe, magaidi wakawavamia. Walikufa 67. Jumba lilirekebishwa likafunguliwa tena Julai 2015, na tangu siku ile nikifunguliwa mkoba mlangoni mimi nasema asante, na ninamaanisha. Fungua zipu ukiwa bado kwa laini, simu na funguo shika mkononi, na uende saa nne asubuhi, saa hiyo hata askari ana nafasi ya kukusalimia.