Borrow au lend? Kabla hujakariri listi, kiulize kwanza Kiswahili chako

Watu wengi ninaowafundisha Kiingereza cha kazini wanaanza na ombi hilohilo, mwalimu nipe listi ya maneno yanayofanana nikakariri. Huwa siwapi. Listi unaikariri leo, wiki ijayo kwenye intavyu yote yameshachanganyika, maana shida haipo kwenye Kiingereza peke yake, ipo pale ambapo sisi tunatumia neno moja na wao wanatumia mawili, halafu shuleni hakuna aliyekuonyesha mpaka unapita wapi.

Chukua kuazima. Kwetu "nimeazima kalamu" na "niazime kalamu" ni neno lilelile, anayepokea anaazima na anayetoa naye anaazima, na tunaelewana vizuri tu. Ndo maana mtu anasema "borrow me your pen" na haoni tatizo lolote. Sasa weka kuazima pembeni, tumia kukopa. Hapo hakuna anayekosea, hata mtoto anayetumwa dukani anajua nani anakopa na nani anakopesha. Basi borrow ni kopa, lend ni kopesha, iwe hela, iwe kalamu, iwe kiti cha jirani. "Lend me your pen." "Can I borrow your pen?" Imeisha hiyo.

Na ukishaona hiyo -esha utaona mengine mengi sana, kwa sababu ile minyambuliko tuliyosomeshwa kwenye Kiswahili, kutendea, kutendesha, tukadhani ni ya kujibia mtihani tu, ndo inafanya kazi ambayo Mwingereza anaifanya kwa kuchukua neno jingine kabisa. Kumbuka ni remember, kumbusha ni remind, kwa hiyo "remember me to call her" hapana, ni "remind me". Jifunza ni learn, fundisha ni teach. Inuka ni rise, inua ni raise, yaani bei ina-rise yenyewe lakini mwenye duka ana-raise bei, lazima awepo mtu anayeipandisha.

Hapa kwenye kuibiwa naomba nikae kidogo kwa sababu naliona kosa hili kila mara na linaumiza watu. Mtu kaibiwa simu, anaandika "I was stolen". Kwa Kiingereza hiyo ni kwamba wamekubeba wewe mwenyewe wakaondoka na wewe! Steal inakaa na kitu, rob inakaa na mtu, kama sisi tunavyosema ameiba simu lakini ameniibia mimi. Kwa hiyo "my phone was stolen", au "I was robbed". Ila angalia, hizi mbili hazilingani kabisa. Rob ina nguvu au vitisho ndani yake, iko karibu na kuporwa, wakati mkoba uliochukuliwa kimyakimya kwenye kiti cha basi ni stolen tu. Kama unajaza maelezo ya bima au ripoti ya kazini chagua kwa makini, maana ukiandika robbed msomaji atauliza walikutishia na nini, na wewe hukumwona hata huyo mwizi.

Kukataa nako kuna mambo. Siku hizi tunasema amekataa kuja, amekataa kwamba hakuchukua hela, gari limekataa kuwaka, vyote kataa. Lakini Kiswahili kina neno kukana na bado tunalisikia kwenye habari za mahakamani, mshtakiwa amekana mashtaka. Jaribu kuliweka hilo. Likikaa vizuri tumia deny, likigoma tumia refuse. "He denied taking the money", "he refused to come".

Halafu doubt na suspect. Hizi nakuomba usizichezee kabisa, maana zote mtu anazitafsiri kuwa na shaka wakati zinaelekea pande mbili tofauti. "I doubt he took the money" maana yake sidhani kama kachukua. "I suspect he took the money" maana yake nahisi kachukua. Moja inamtetea, nyingine inamtuhumu, na kwenye ripoti ya stoo hiyo ni kazi ya mtu, ni watoto wake.

By na until, zote kwetu ni mpaka. Ukimwandikia mteja "pay until Friday" umemwambia awe analipa na kulipa hadi Ijumaa ifike. Kitendo kikiwa cha mara moja na Ijumaa ndo mwisho wake, ni by. Kikiwa kinaendelea muda wote, kama ofisi kuwa wazi, ni until. Hand na arm, foot na leg, hizo ni kujua tu kwamba wao wanaugawa mkono kwenye kifundo, upande wa vidole ni hand na juu yake ni arm, na mguu hivyohivyo, foot chini na leg juu, basi.

Kuna kundi jingine ambalo ni historia tu. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, wakaja na Kifaransa chao, ndo maana mnyama akiwa hai ni cow na nyama yake ni beef, nguruwe ni pig na nyama yake ni pork. Humohumo zimo begin na commence, buy na purchase. Maana inakaribiana sana, kinachotofautiana ni uzito, zile za Kifaransa zimevaa suti. Usimwandikie rafiki yako "I purchased tomatoes" ukidhani ndo Kiingereza kizuri zaidi, buy inatosha.

Kwa kufanyia mazoezi, kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili itakupa maana lakini mara nyingi haitakuonyesha neno linakaa na nani kwenye sentensi. Tafuta zile za Kiingereza kwa Kiingereza zilizotengenezwa kwa wanaojifunza. Ile maarufu ya Oxford ilianzia kwa A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa anafundisha Japani, ikachapishwa hukohuko mwaka 1942 kabla Oxford hawajaitoa 1948, na kwa sababu aliiandaa kwa wageni wa lugha aliweka wazi kila kitenzi kinaungana na nini. Siku hizi nyingi za namna hiyo zipo bure kwenye simu. Ukifungua neno ruka maana kwanza, soma mifano, halafu andika sentensi yako moja ya jambo lililokutokea wiki hii, yenye mtu anayetoa na mtu anayepokea.