Maswali na majibu: Aplikesheni ya wachumba Dodoma, mwanamke alindwe dhidi ya nani?

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni vijana wanne, tumemaliza chuo hapa Dodoma, tunatengeneza aplikesheni ya kutafutia wachumba. Tuliamua tangu mwanzo kwamba usalama wa wanawake ndio utangulie. Kila anayejiunga anathibitisha namba ya simu kwa meseji na kutuma picha ya kitambulisho cha NIDA. Umbali kati ya mtu na mtu unaonekana kwa mita, na kuna kitufe cha kuripoti. Tuliwapa dada kumi na wawili waijaribu, tisa wakaifuta kabla ya wiki kwisha. Tumekosea wapi? Na umbali tuuonyesheje bila kumweka mtu hatarini?
Msomaji, Ipagala

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hao tisa wamewasaidia kuliko mnavyodhani. Warudieni mmoja mmoja, tena mumtume binti kama mnaye, awaulize swali moja tu: ulimwogopa nani? Sitegemei hata mmoja ataje mdukuzi wa ng'ambo. Watataja mtu wanayemjua: mwanamume waliyeachana naye, bosi, mwenye nyumba, shemeji, au yule kijana aliyekataliwa mwaka wa pili chuoni na mpaka leo hajakubali.

Dodoma ukienda kununua mchicha Majengo unakutana na mtu wa ofisini kwako. Ninyi mmejenga ukuta wa kumzuia mgeni, wakati anayetishia hapa ni mwenyeji. Jina la dada huyo analijua, kazini kwake anapajua. Anachotafuta ni mambo mawili tu: kama kweli yumo humo, na saa hizi yuko wapi. Isomeni upya orodha yenu kwa macho ya mtu huyo, mtaona kwamba karibu kila mlichokiweka kinampa kimojawapo.

Tuanze na umbali, maana hapo ndipo mtu anaweza kuumia usiku huu huu. Mwaka 2013 wataalamu wa kampuni ya usalama ya Include Security waligundua kwamba Tinder, aplikesheni maarufu ya wachumba, ingawa ilionyesha maili nzima tu kwenye skrini, seva yake (kompyuta kuu inayotunza taarifa zake) ilikuwa inatuma kwenye simu umbali wenye tarakimu nyingi baada ya nukta. Ukiwa na akaunti ya uongo unaiambia seva uko sehemu tatu tofauti, unasoma umbali mara tatu, unachora duara tatu kwenye ramani. Zinapokatana ndipo mtu alipo. Kosa lilirekebishwa na habari ikatangazwa Februari 2014.

Nimewahi kulifanya jaribio hilo hapa mjini, nilipoitwa kukagua aplikesheni ya namna hiyo. Mwenzangu wa kazi, mwanamke, alikubali kuwa mlengwa, akaenda kwake jioni bila mimi kujua anakaa wapi. Niliidanganya seva kwamba simu yangu iko Nyerere Square, kisha stendi ya Nanenane, kisha lango la UDOM. Nikachukua bikari ya mwanangu ya shule nikachora kwenye ramani niliyoichapisha. Duara zikakatana Ilazo, kwenye nyumba nne au tano. Niliendesha hadi pale, na kwenye kamba ya nyumba ya tatu kilikuwa kimeanikwa kile kitenge chake cha kijani alichokivaa kazini Jumatatu. Nilimpigia simu nikiwa getini. Alicheka kidogo, halafu akanyamaza kwa muda mrefu. Tangu jioni ile sijawahi kuuona umbali kama pambo la skrini.

Sasa msiseme mtakadiria hadi kilomita nzima na mambo yaishe. Mwaka 2021 mtaalamu Robert Heaton alionyesha kwa Bumble, aplikesheni nyingine ya wachumba, kwamba hilo halitoshi. Mshambuliaji anasogea kidogo kidogo mpaka namba inaporuka kutoka 3 kwenda 4, na pale inaporukia anaujua umbali kamili. Akipata miruko mitatu amerudi kwenye duara zake tatu.

Dawa ni kulififisha eneo kwanza, ndipo umbali upimwe. Simu yenyewe, kabla ya kutuma chochote, ibakize tarakimu mbili tu baada ya nukta kwenye latitudo na longitudo. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo kila mtu anaangukia kwenye kisanduku cha kilomita 1.1 hivi kila upande. Dodoma iko kama digrii sita tu kusini mwa ikweta, hivyo upana wa kisanduku na urefu wake vinakaribiana. Watu wote wa kisanduku hicho wahesabiwe kuwa wako katikati yake. Hapo hata akichora duara elfu moja ataishia kwenye kitovu cha kisanduku.

Ila kisanduku cha Area C kinaweza kuwa na mamia ya watumiaji, na cha pembeni ya Bahi au Mpwapwa kikawa na mwanamke mmoja. Kwake kisanduku hakifichi kitu. Wekeni kanuni kwenye seva kwamba kisanduku chenye watumiaji wachache, tuseme chini ya hamsini, kiunganishwe na majirani zake mpaka wafike, na wasipofika kabisa lionekane jina la wilaya tu. Mkiniuliza mimi, ningeuondoa umbali wote nikaandika "Dodoma Mjini" au "Kondoa". Anayetafuta mchumba hahitaji mita, na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024 watu wanafuatana kutoka Dar na Morogoro. Ondoeni pia ile alama ya "yupo hewani". Mwanamume aliyeachwa akiona mwenzake yuko hewani saa nane usiku, anajitungia hadithi yake na kesho yake anaifuata.

Namba ya simu nayo ni nzito kuliko mnavyoichukulia. Hapa kwetu ukitaka kujua namba ni ya nani, unajifanya unatuma pesa. Unaiingiza kwenye M-Pesa au Airtel Money, jina linatokea kabla hujathibitisha, unakatisha. Na kwa kuwa laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, jina hilo ndilo jina kamili la mtu. Kwa hiyo namba isionekane popote, wala isipite kwenye majibu ya seva kwa bahati mbaya. Simu za sauti zipigwe humo humo ndani. Na dada akiandika kwenye mazungumzo tarakimu kumi zinazoanza na 06 au 07, simu yake imwonye kabla ya kutuma: "Ukimpa namba hii ataweza kuliona jina lako kamili." Achague mwenyewe, akijua.

Kuna jambo lingine la namba ambalo vijana wengi hulisahau. Laini isiyotumika hufungwa, kisha namba ile huuzwa kwa mtu mwingine. Kama meseji ya uthibitisho ndiyo ufunguo pekee, mwenye laini mpya ataingia kwenye akaunti ya dada na kusoma kila kitu. Ongezeni namba ya siri aliyoiweka mwenyewe, na kifaa kipya kisifungue mazungumzo ya zamani bila hiyo.

Kitabu cha namba msikiombe kwa ajili ya "kukutafutia marafiki". Kigeuzeni kifanye kazi kinyume chake: mwanamke aingize namba za watu asiotaka wamwone, hata kama bado hawajajiunga. Siku bosi wake akijisajili, asimwone kamwe, na asiambiwe kwamba amezuiwa. Kwenye kuzihifadhi namba hizo msidanganyike na kuhashi kwa kawaida, yaani kuigeuza namba kuwa msimbo usiosomeka. Namba zinazoanza na 06 na 07 zikifuatiwa na tarakimu nane ni milioni 200 tu kwa ujumla, na kompyuta ya kawaida inazihashi zote kwa muda mfupi na kupata orodha nzima ya majibu. Tumieni HMAC, yaani kuhashi kunakochanganya namba na ufunguo wa siri, na ufunguo huo usikae kwenye kanzidata moja na hashi zake.

Lakini ulinzi mkubwa kuliko huo wote ni wa kimuundo. Bumble, iliyoanzishwa 2014, ilijulikana kwa kumpa mwanamke haki ya kuandika wa kwanza. Ni wazo jema, ila haliwafai dada wa Dodoma peke yake, kwa sababu kabla hajaandika tayari ameshaonekana na kila anayepitia picha. Fanyeni mwanamke asionekane na mtu yeyote mpaka yeye mwenyewe amemchagua mtu huyo. Iwe ndiyo hali ya kuanzia, asihangaike kuitafuta kwenye mipangilio. Mtaambiwa kwamba wanaume watakuta skrini tupu na kuondoka. Baadhi wataondoka kweli, nami ningekubali hasara hiyo bila kusita.

Picha za NIDA ziacheni kabisa. Julai 2025 aplikesheni ya Marekani iitwayo Tea, iliyotengenezwa ili wanawake waonyane kuhusu wanaume, ilivujisha picha zipatazo 72,000. Kati yake kama 13,000 zilikuwa selfi na vitambulisho ambavyo wanawake walituma kujithibitisha. Zilikaa kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyoachwa wazi. Baadaye ikaonekana kwamba meseji zao za faragha zaidi ya milioni moja nazo zilikuwa zinafikika. Waliojitahidi kufuata taratibu za usalama ndio walioumizwa zaidi. Namba ya NIDA yenyewe ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo hata namba peke yake inasema mengi.

Badala yake ombeni video fupi ya uso inayopigwa palepale, mtu akigeuza kichwa kulia na kushoto, ilinganishwe na picha za wasifu, kisha ifutwe siku hiyo hiyo. Kinachobaki ni neno "amethibitishwa" na tarehe. Waambieni watumiaji wazi kwamba alama hiyo inathibitisha uso wa mtu, haisemi lolote kuhusu tabia yake. Na kabla ya kuzindua, nendeni mkajisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu ninyi wanne kama inavyoihusu benki.

Madogo yaliyobaki nayapitia haraka. Picha inapopakiwa, ing'oeni GPS iliyomo ndani yake, yaani alama ya mahali ilipopigwa. Linki za picha ziwe za muda na zisifuatane kwa namba. Taarifa inayotokea kwenye skrini iliyofungwa iseme "Una ujumbe" tu, bila jina wala picha, kwani kwenye basi la Mtumba asubuhi watu wamebanana bega kwa bega na aliyekaa pembeni anasoma. Zuieni picha ya skrini kwenye mazungumzo, Android inaruhusu, mkijua kwamba simu ya pili inaweza kuipiga ya kwanza.

Kitufe cha kuripoti nakiachia nafasi yake, kwa sababu nimeona vingi visivyo na mtu upande wa pili. Mwanamume mjanja akishatuma matusi anaukata uhusiano, mazungumzo yanafutika pande zote mbili, na dada anabaki hana cha kuonyesha. Kwenu akikata, mazungumzo yabaki kwenye simu ya mwanamke, na akibonyeza kuripoti, meseji za mwisho zije kwenu pamoja na saa na tarehe. Mpeni pia nakala anayoweza kuichapisha na kwenda nayo Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na asiye na ushahidi mkononi mara nyingi anarudi nyumbani bila msaada.

Halafu jiulizeni ripoti hiyo inasomwa na nani. Leo ni ninyi wanne, na mmoja wenu lazima ana kaka, rafiki au mwalimu atakayetajwa humo. Kufungua mazungumzo ya mtu kuhitaji wawili kwa pamoja, kila ufunguzi uandikwe kwenye logi isiyofutika, na mwenye kumfahamu mhusika akae pembeni. Wenyeji mnaopaswa kumlinda dada dhidi yao ni pamoja na ninyi wenyewe.

Usiku huu zimeni umbali. Kesho futeni picha zote za vitambulisho, kwenye seva, kwenye nakala rudufu, na kwenye kompyuta zenu kama mlizipakua wakati wa majaribio. Kisha waandikieni wale dada kumi na wawili, wote, pamoja na tisa walioondoka, muwaambie zimefutwa lini na nani aliyezifuta.