Kuku mgeni asilale na wenyeji siku ya kwanza

Juzi usiku saa nne na kitu, niko kitandani tayari, ikaingia meseji ya dada mmoja wa Morogoro. "Dada, leo nimepata pea yangu ya Silkie, weupe pee, nimewatafuta mwaka mzima. Nina kuku wengine saba wa kienyeji. Nikiwaingiza bandani usiku huu huu wenzao wakiwa wamelala, si wataamka wamezoeana tu?"

Nikakaa kitako. Nikamjibu hapo hapo, mdogo wangu usiwaingize, waweke stoo, waweke hata bafuni, asubuhi tutaongea. Maana swali hilo hilo mimi sikumuuliza mtu, nilijijibu mwenyewe, na lilinimalizia banda zima.

Huwa nagusia gusia tu kilichonipata. Leo nakisimulia chote.

Mapenzi ya kuku wazuri sikuyapata kwenye simu. Nimelelewa Muheza kwa bibi, na bibi alikuwa na kidimu, yule kuku ambaye manyoya yamepinda yakasimama kama kapigwa na upepo, alikuwa na kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, na alikuwa na wa kishungi wawili watatu. Watu wa pwani tulikuwa na majina ya kuku wa mapambo kabla hata hatujawasikia hawa Silkie na Brahma. Mimi kazi yangu jioni ilikuwa kuwafungia, na yule kidimu nilikuwa nambeba kwapani mpaka bibi anigombeze. Kwa hiyo tulipohamia Goba, Dar, tukapata ka uwanja, mume wangu anawaza kibaraza, mi nawaza banda.

Kuku wangu wa kwanza pale aliletwa na mama mkwe nilipojifungua mtoto wa pili. Aliletwa awe supu ya uzazi. Nilimwangalia kile kishungi chake chekundu chekundu nikasema huyu hachinjwi, nikaomba wakanunue mwingine. Nikamwita Bi Shungi. Alikaa na mimi miaka sita, alilea vifaranga vyake na vya wenzake, mvua ikinyesha anawafunika wote, hata wale wakubwa kidogo ambao miguu inabaki nje. Mpaka kufikia mwaka huo ninaousema nilikuwa na kuku 14, wote wametokana na yeye au amewalea yeye.

Sasa ikaja hii tamaa ya Silkie. Kama hujawaona, ni kuku wadogo, manyoya yao hayajashikana kama ya kuku wa kawaida, ni kama sufi, ngozi chini nyeusi kabisa, na mguuni wana vidole vitano badala ya vinne. Nikampata muuzaji kwenye grupu la WhatsApp, anatuma video nzuri, kuku wanatembea kwenye majani, watatu kwa laki mbili na themanini. Nilikusanya hiyo hela kwa miezi minne kwenye kibubu. Shemeji yangu aliposikia akasema mbele za watu hela ya mbuzi nimenunulia manyoya, na watu wakacheka, na mpaka leo nikilikumbuka neno hilo linaniuma.

Wakaletwa na boda Ijumaa jioni kwenye tenga. Mmoja alipiga chafya nikiwa namtoa. Nikampigia muuzaji, akasema ni vumbi la njiani dada, umbali wote huo. Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Saa mbili usiku nikawaweka katikati ya wenzao, nikafunga banda, nikalala nina furaha sijawahi kuona.

Jumamosi asubuhi nikakuta Silkie mmoja kichwa kimejaa damu, kadonolewa na pora wawili, majogoo wadogo. Siku nzima nikahangaika na ule ugomvi, nafukuza pora, nasafisha kidonda, nikidhani ndo tatizo lenyewe. Kumbe tatizo lilikuwa linapita kwenye chombo cha maji.

Jumatatu Bi Shungi jicho moja lina povu. Jumanne mitetea mitatu nyuso zimevimba, makamasi puani, na ile harufu, aliyewahi kuisikia anaijua, ukifungua mlango wa banda inakupokea. Daktari wa mifugo alipokuja akasema ni mafua ya kuku, na kwa jinsi wanavyokoroma kuna ugonjwa mwingine wa njia ya hewa umeingia pamoja nayo, maana mafua peke yake mara nyingi hayaui wengi hivyo kwa mkupuo. Tukawapa dawa. Ndani ya wiki mbili nimezika tisa. Bi Shungi alikufa siku ya kumi, nilikuwa nimemwingiza jikoni kwenye boksi, nampa maji kwa kijiko, mwanangu yule niliyejifungua alipoletwa amekaa pembeni anamshika bawa.

Wale wageni watatu? Hawakufa hata mmoja. Wakachangamka, wakala, wakanenepa. Hapo ndo daktari akanieleza kitu ambacho kila mtu anayenunua kuku angetakiwa aambiwe kabla hajatoa hela: kuku aliyeugua mafua akapona anaweza kubaki na vimelea mwilini muda mrefu, yeye haumwi, ila anawagawia wenzake. Unamwona mzima. Anang'aa. Na dawa inatuliza dalili, haikuhakikishii kwamba imemsafisha. Kwa hiyo hata wale watano wangu waliopona sikuweza tena kuwachanganya na kuku yeyote mpya, wala kumuuzia mtu, wala kumpa jirani zawadi. Nilikaa nalo wiki nzima nikaamua. Tukawamaliza wote wanane. Banda tukaliosha, tukapiga chokaa, likakaa tupu miezi miwili, ingawa vimelea vya mafua nje ya mwili wa kuku havidumu siku nyingi. Mimi ndiye nilikuwa sitaki kuliangalia.

Muuzaji nilimwandikia kwa upole kabisa, sikudai hela, nilitaka tu ajue ili asiwauzie wengine. Alisoma. Hakujibu. Kesho yake picha yake imepotea kwenye simu yangu, kaniblock. Sasa nawaambia nyie mnaouza, mkiwa na kuku aliyewahi kuumwa semeni. Mtu anayetoa laki kununua kuku si kwamba ana hela za kuchezea, anampenda, na nyumbani ana wengine anaowapenda. Kumuuzia mtu ugonjwa ndani ya manyoya mazuri ni dhambi, siwezi kulisema kwa njia nyingine.

Lakini na sisi wanunuzi tuna haraka. Tunamtafuta kuku mwaka mzima, tukimpata tunashindwa kusubiri mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu!

Mwaka huu Januari nilinunua tena. Nilikuwa nimeshaanza upya na mitetea sita ya kienyeji na jogoo, na safari hii nikachukua Silkie watatu na Brahma wawili. Brahma ni wale wakubwa, manyoya mpaka kwenye vidole, wanatembea kama wazee wa baraza. Kwanza kabisa nilienda kwa muuzaji mwenyewe kwa miguu yangu, sikutaka video. Niliangalia kuku wote waliopo pale, siyo wale wangu tu. Nikanusa. Nikafunua chini ya mbawa na pale nyuma kutafuta chawa na utitiri. Nikauliza chanjo, lini, ipi.

Nyumbani nikawaweka kwenye banda dogo nyuma ya jiko, upande wa pili kabisa wa uwanja, mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Siku 30. Kila asubuhi nalisha wenyeji kwanza, wageni mwisho, na nikishaingia kwa wageni sirudi kwa wenyeji mpaka nimenawa na kubadilisha ndala. Vyombo vyao vyao, ufagio wao wao. Watoto niliwakataza kabisa kupita na kule na huku, na walinielewa kwa sababu walimwona Bi Shungi akifa.

Na ule mwezi unalipa, usidhani unakaa bure. Siku ya sita nikiwa nampapasa Brahma jike miguuni, chini ya yale manyoya magamba yameinuka, makavu, kama ganda la mti. Utitiri wa miguu. Kwa kuku wa kawaida ungeuona kwa mbali, kwa Brahma manyoya yanauficha. Nikawa namloweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, nasugua taratibu kwa mswaki laini, namkausha, nampaka mafuta mazito ya kujipaka ili utitiri ukose hewa, nikarudia hivyo hivyo wiki kadhaa. Ningemwingiza siku ya kwanza sasa hivi ningekuwa naloweka miguu ya kuku wote.

Chanjo ya kideri, yaani Newcastle, niliwapa mimi mwenyewe, ile ya tone moja jichoni inayotengenezwa Kibaha, nikawapa wageni na wenyeji. Kideri hakina dawa, kikishaingia kimeingia, kilichopo ni chanjo na kuirudia kila miezi mitatu. Na ukichanja leo kuku hajawa salama leo, mpe kama wiki mbili mwili ujijenge. Watu wanachanja asubuhi jioni wanachanganya.

Kingine, na hiki ndo kilinipa amani kuliko vyote: wiki mbili za mwisho nilichukua pora mmoja wa kienyeji niliyekuwa namlea kwa kitoweo nikamweka kule kwa wageni. Kama kuna mtu amebeba mafua kimyakimya, yule pora angeonyesha. Roho iliniuma kidogo, lakini bora mmoja kuliko tisa. Akakaa mzima kabisa.

Baada ya siku 30 ndo nikaanza kuwazoesha. Nikaweka kiwambo cha wavu katikati ya banda kubwa, wageni huku, wenyeji huku, wanaonana, wanasikiana, hawagusani. Siku 12. Mwanzo jogoo alikuwa anapiga wavu kutwa nzima, kufikia wiki ya pili wanalala wamegusana migongo na wavu katikati.

Kudonoana hakuepukiki, na wala siyo uchokozi wa kuku mmoja mbaya. Kuku wanapangana nani mkubwa wa nani, kuna Mnorwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza kuwatazama kuku tangu mtoto na mwaka 1921 akaandika jinsi wanavyojipanga kwa kudonoana, yupi anamdonoa yupi bila kurudishiwa. Ukimwingiza mgeni umevuruga ule mpango wote, kila mmoja anataka ajue amekaa wapi. Ndo maana sikuwaingiza mmoja mmoja, niliwaachia wote watano pamoja, na siyo bandani, uwanjani, saa kumi jioni, kuna nafasi ya kukimbia. Vyombo vya chakula vitatu badala ya kimoja, matawi ya mwembe na meza mbovu wapate pa kujificha. Nikakaa na kiti changu pale mpaka jua linazama. Vurugu za kukimbizana niliacha. Damu sikuruhusu, ukiona damu mtoe yule aliyeumia papo hapo, kuku wakiona damu hawaachi.

Silkie wana mambo yao. Lile shungi linawafunika macho, hawamwoni anayekuja kuwapiga, kwa hiyo nililipunguza kwa mkasi pale mbele ya macho. Usichukulie kirahisi kudonolewa kichwani, wengi wao wenye shungi kubwa fuvu lao pale juu ni dhaifu. Hawaruki, usiwategemee kupanda fito na wenzao, mi nimewawekea kreti chini lenye maranda na wanalala wamerundikana humo. Na mvua. Manyoya yale hayamwagi maji kama ya kuku wengine, wakilowa wanalowa mpaka ngozini. Masika ya mwaka huu niliwafungia kila wingu likitanda.

Sikupoteza hata mmoja. Hata mmoja! Kuku 12, na wa 13 ni yule pora, ambaye mwishowe sikumchinja. Shemeji alikuja Pasaka akasimama uwanjani muda mrefu anawapiga picha, akauliza vifaranga ntaanza kuuza lini. Nikamwambia sijafikiria.

Sasa yule dada wa Morogoro, asubuhi kanitumia picha, kawaweka stoo kwenye boksi la televisheni, kafungua dirisha. Vizuri sana mdogo wangu, ila boksi litaloa haraka, tafuta tenga kubwa na maranda, badilisha kila siku, na usimwage yale maranda pale wenzao wanapochakura. Leo ni siku ya tatu. Hesabu mpaka 30, halafu uniandikie kabla hujafungua mlango. Na yule dume ukimsikia anapiga chafya usimpigie muuzaji, mpigie daktari.

Kwangu Silkie mmoja amelalia mayai tangu Jumatano iliyopita, kati yake nimemwekea mawili ya Brahma, kwa hiyo zikifika wiki tatu kamili tangu siku hiyo, siku 21 zitakuwa zimefika. Lile banda dogo la nyuma ya jiko liko tupu, Jumamosi nimelipiga chokaa. Mwenye mtetea kidimu, hata wa kuja kumfuata Tanga, aliyechanjwa na ambaye hajawahi kuumwa, aniandikie.