Muulize Bingwa: Je, Radiolojia Bado Ina Nafasi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka mitatu kazini katika hospitali moja ya mkoa, na mwakani nakusudia kuomba masomo ya ubingwa wa radiolojia, fani ya kupiga na kusoma picha za ndani ya mwili. Nasikia kwamba malipo ya afya yanaelekea kwenye mfumo wa thamani, ambapo hospitali hailipwi kwa wingi wa vipimo bali kwa nafuu anayoipata mgonjwa. Je, fani inayoishi kwa vipimo haitadidimia?
Daktari, Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Michael Porter na Elizabeth Teisberg, walioueneza mtazamo huu mwaka 2006, waliieleza thamani kuwa ni matokeo anayoyapata mgonjwa yakilinganishwa na gharama ya kuyapata. Kwa kipimo hicho, picha isiyobadilisha matibabu ni gharama tu. Nchini Marekani, chama cha madaktari wa radiolojia kililitambua jambo hili mapema, na mwaka 2012 kiliwasihi madaktari wasipige picha kwa maumivu ya kichwa yasiyo na dalili za hatari.

Hivi karibuni nililetewa fomu iliyoandikwa maneno matatu: "CT kichwa, maumivu". CT ni kipimo cha eksirei kinachotoa picha za mwili tabaka kwa tabaka. Nilipiga simu wodini, nikaelezwa kwamba mgonjwa ni binti mwenye maumivu yaleyale kwa miaka mingi, hana homa, hana udhaifu wa viungo, na uchunguzi wa neva ni wa kawaida. Tukakubaliana na daktari wake kwamba kipimo hakihitajiki. Simu ile, iliyomwepushia binti yule mionzi na gharama, haikuonekana popote katika takwimu za idara, kwa kuwa huhesabiwa ripoti peke yake. Mfumo wa thamani ukitekelezwa kwa uaminifu, kazi ya namna hiyo ndiyo itakayohesabiwa, na bingwa atakayenufaika ni yule anayezungumza na wenzake, si yule anayejifungia na skrini.

Hata hivyo, usidhani kwamba thamani maana yake ni kupunguza vipimo. Kwetu thamani hupotea zaidi pale kipimo kinapochelewa, au kinapofanyika kisha ripoti ikaandikwa "ifuatiliwe" bila kusema lini. Ukikuta kinundu kigumu cha milimita 7 kwenye pafu la mtu mzima, andika wazi kwamba CT irudiwe baada ya miezi 6 hadi 12, kisha hakikisha daktari aliyemtuma mgonjwa ameisoma ripoti hiyo.

Itazame pia tiba-radiolojia, yaani matibabu yanayofanywa kwa kuongozwa na picha, ambayo mafunzo yake yalianza Muhimbili mwaka 2019. Mgonjwa mwenye manjano kutokana na kuziba kwa mirija ya nyongo huingiziwa mrija mwembamba kupitia ngozi, kwa kuongozwa na altrasaundi na eksirei, nyongo ikatoka bila tumbo kupasuliwa. Hapo matokeo yanaonekana kwa macho, na ni vigumu kwa mlipaji yeyote kuyapuuza.

Kwa hiyo omba masomo hayo bila woga, ila chagua chuo kwa uangalifu. Kabla ya kujaza fomu, waulize wanafunzi waliopo kama madaktari wa radiolojia hukaa pamoja na wa upasuaji na wa saratani kila wiki kuzijadili picha, na kama wao wenyewe huruhusiwa kufuatilia kilichokutwa chumba cha upasuaji dhidi ya walichokiandika. Wakikujibu kwamba hawajawahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo, tafuta chuo kingine.