Kunywa baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: ya kuzingatia wiki za mwanzo

Wenzangu mliofanyiwa upasuaji juzijuzi, swali linalowanyima usingizi nalijua, maana na mimi nililala nalo: "Mbona maji yanashuka tu? Kweli nimekatwa?" Mtu ameambiwa tumbo lake sasa ni dogo mno, halafu wiki ya pili anajikuta amemaliza glasi ya maji bila taabu, na hofu inamwingia kwamba kazi haikufanyika sawasawa. Tulia. Ukubwa wa tumbo haupimwi kwa maji.

Kwenye upasuaji wa aina ya sliivu, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha sehemu nyembamba inayobeba kama mililita 100 hadi 150. Kwenye baipasi, aina nyingine ambapo tumbo hugawanywa na utumbo kuunganishwa na sehemu ndogo ya juu, kifuko kinachobaki juu ni cha kama mililita 30 tu. Lakini hivyo ni vipimo vya kile kinachokaa, na maji hayakai. Yakifika yanateremka kuelekea utumbo mdogo huku mengine yakiingia nyuma yake. Kinachokaa ni chakula kigumu, na hicho ndicho kitakachokuonyesha udogo wa tumbo lako siku utakaporuhusiwa kukila. Kwa hiyo usijijaribu kwa maji, wala usijilinganishe na aliyepasuliwa siku moja na wewe.

Maana wapo pia wa upande wa pili, ambao funda moja tu linawakaa kifuani kama jiwe. Hao nao hawana kasoro. Siku za kwanza tumbo limevimba kwa kukatwa na kushonwa, njia imebana. Uvimbe hupungua siku baada ya siku, na anayehangaika leo mara nyingi baada ya wiki kadhaa anakunywa vizuri.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtu anayeshinda anapima uzito asubuhi na jioni huku chupa yake ya maji imejaa vilevile. Upungufu wa maji mwilini ni mojawapo ya sababu kubwa za watu kurudishwa hospitali baada ya upasuaji huu. Wiki hizi kazi yako ni kunywa. Lengo wanalopewa wengi ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku. Siku za mwanzo huenda usifike, ila uongeze kila siku.

Mimi kilichonisaidia ni kikombe kidogo cha kupimia dawa, kile cha mililita 30. Nakijaza, napiga funda dogo, nakiweka mezani, mkono nautoa kabisa. Nasubiri nisikie limepita. Kisha jingine. Kikombe kimoja kwa robo saa ni mililita 120 kwa saa. Ukiwa macho saa 14 umefika mililita 1,680. Inachosha, sikufichi, siku nzima inakuwa ya kikombe. Lakini ukiacha hadi jioni huwezi kufidia, kwa sababu tumbo hili halipokei maji ya mkupuo. Weka kengele kwenye simu.

Jifunze na lugha mpya ya shibe. Usiisubiri pale tumboni ulipoizoea. Kwa wengi inakuja kama mgandamizo chini ya mfupa wa kifua, au kwikwi, au mate yanajaa mdomoni, au pua inaanza kutoa kamasi ghafla. Ukiona mojawapo, acha hapo hapo, hata kama kikombe hakijaisha. Funda linalofuata ndilo litakalorudi.

Kama maji matupu yanakuchefua, badilisha joto lake kwanza. Kuna wanaoweza ya uvuguvugu tu, na kuna wanaotaka ya baridi au kunyonya vipande vya barafu. Supu iliyochujwa na kinywaji cha protini kwa kawaida navyo huhesabiwa. Soda na vyote vyenye gesi viache. Mrija pia wengi hukatazwa, kwa sababu ya hewa unayomeza. Vinywaji vyenye sukari nyingi, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi, vinaweza kukuletea jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuharisha. Pombe isiguswe kabisa kipindi hiki, na hata baadaye ujue inaingia kwenye damu upesi kuliko zamani.

Ukianza kula, tenganisha chakula na maji: ukishakula, subiri kama nusu saa ndipo unywe. Maelekezo ya hospitali yako yakitofautiana na haya yangu, fuata ya hospitali.

Kila uendapo chooni angalia mkojo. Ukiwa wa njano hafifu, uko vizuri. Ukiwa mweusi-mweusi na mchache, mdomo mkavu, kizunguzungu ukisimama, umechelewa tayari. Piga simu hospitali. Ukitapika kila unachokunywa siku nzima, nenda siku hiyo hiyo uwekewe dripu. Na kama umekuwa ukitapika mfululizo, waambie tangu lini, na uulize kuhusu vitamini B1, kwa sababu kutapika kwa muda mrefu huimaliza mwilini na upungufu wake huumiza neva na ubongo.

Homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto, pumzi kubana, au mapigo ya moyo kupita 120 kwa dakika ukiwa umepumzika: hayo si mambo ya kunywa taratibu uone. Huenda mshono unavuja. Nenda hospitali usiku huo huo, na mlangoni sema kwanza kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo na lini.