Bata bukini kulinda kuku: je, anaweza kazi hiyo?

SWALI: Mhariri, nafuga kuku wa kienyeji 18 nyuma ya nyumba. Mwezi huu nimepoteza vifaranga tisa, wote mchana. Juzi asubuhi nikakuta tetea amekufa bandani, kichwa hakipo, mwili umeegemea wavu. Jirani ananiambia ninunue bata bukini wanne wa kulinda. Nifuate ushauri huo? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapo una maadui wawili, na bata bukini anakufaa kwa mmoja tu.

Vifaranga wanaopotea mchana kwa kawaida huchukuliwa na mwewe, kunguru au nguchiro. Hapa bata bukini anasaidia kweli. Huona mbali, hupiga kelele mapema, na kuku wakishaizoea sauti yake hukimbilia kichakani au chini ya banda. Kunguru na nguchiro hawapendi kukabiliana na ndege mkubwa aliyetandaza mabawa. Mbwa hamwogopi bata bukini, kwa hiyo usimtegemee bata huyo kuzuia mbwa.

Tetea huyo ni habari nyingine. Kichwa kukosekana na mwili kubaki kwenye wavu maana yake mnyama alimvuta kupitia tundu. Wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku asitoke, haumzuii adui kuingiza mkono au mdomo. Funga wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi kuanzia chini hadi juu kidogo ya usawa wa kichwa cha kuku aliyelala, ufukie sentimita 30 ardhini, na mlango uwe na komeo mbili, juu na chini. Usiku bata naye alale ndani, la sivyo ataliwa yeye.

Wanne ni wengi mno. Bata bukini wakiwa kundi hujitenga, wakafuata majani yao kona ya mbali na kuwasahau kuku. Nunua mmoja, jike, angali mdogo, umlee pamoja na vifaranga wa rika lake. Kuku ndio watakuwa ndugu zake. Kwa asili hapendi upweke, kwa hiyo kama kuku wako wanashinda wamefungiwa, usimfuge peke yake.

Kibata anahitaji nayasini, yaani vitamini B3, zaidi ya kifaranga. Akiipungukiwa miguu hupinda, akawa anakaa tu. Tumia vitamini B za kuchanganya kwenye maji kutoka duka la dawa za mifugo, kwa kipimo cha kwenye pakiti, na umuongezee dagaa wa kusaga. Usimlaze juu ya gazeti au sakafu laini, miguu itateleza na kutanuka. Kuanzia wiki ya pili weka wavu kati yake na vifaranga usiku: anakua haraka, atawakanyaga.

Ndoo yake iwe na kina cha kuzamisha kichwa chote, maana lazima asafishe pua na macho, ila ikae nje, juu ya kokoto. Ukiiweka bandani, maranda yatalowa siku hiyo hiyo, na koksidia, vimelea vya kuharisha kuku, hupenda unyevu huo. Bata bukini hapendi kulala juu ya fito. Mpe kona kavu chini, lakini si chini ya fito za kuku, utaelewa kwa nini asubuhi.

Pia anaweza kubeba virusi vya kideri (ugonjwa wa Newcastle) bila kuonekana mgonjwa. Chanjo ya I-2 ya kuku, tone moja jichoni kila miezi mitatu, isikosekane. Na majirani uwape taarifa: kila bodaboda ya saa nane usiku itatangazwa.

SWALI: Dume langu la bata bukini lilikuwa pole. Tangu jike alalie mayai, limeua vifaranga wawili. Nilichinje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Subiri kwanza. Linalinda kiota, na kifaranga kwake ni mvamizi kama mwingine. Jike huatamia takriban siku 28 hadi 30, na ukali utaendelea vibata wakiwa wadogo. Zungushia kiota uzio wa mita moja, dume liwe ndani humo, kuku wabaki nje. Vibata wakikua na ukali usipungue, hapo ndipo unoe kisu.