Andika ua na ndege kwenye mstari mmoja

Wengi wetu tunaofuatilia bustani za nyumbani huwa na orodha mbili: maua yaliyochanua huku, ndege waliofika kule. Ushauri wangu ni kuziunganisha. Andika tarehe, ua, ndege, na alichokuwa akifanya kwenye ua hilo, vyote mstari mmoja. Hapo ndipo daftari langu lilipoanza kunifundisha kitu.

Chukua chozi, yule ndege mdogo anyonyaye nekta, maji matamu ya ua. "Chozi yupo" haitoshi. Mtazame anavyokula. Kwenye mshubiri uliochanua hung'ang'ania bua, akaingiza mdomo wake uliopinda ndani ya ua, na akiutoa utaona vumbi la chavua limemganda kwenye paji la uso. Ua hilo limepata mchavushaji. Sasa mfuate huyo huyo akihamia kwenye ua lenye shingo ndefu kuliko mdomo wake. Mara nyingi hutoboa kitundu kwenye kitako cha ua, akanyonya nekta kwa ubavuni na kuondoka bila kugusa chavua. Kagua maua ya jirani yake, huenda ukakuta vitundu vingine, na pengine nyuki wamejipanga kuvitumia. Nimelitazama jambo hili asubuhi nyingi na bado halijanichosha.

Asubuhi mapema ndiyo saa nzuri, na ni vyema ukae mahali palepale kila siku ili siku zilinganishike. Darubini inasaidia, lakini si lazima.

Andika pia ua linapokwisha, maana kwa ndege wanaokula mbegu karamu huanza hapo. Alizeti ikishainamisha kichwa na petali kupukutika, iache isimame. Watakuja kuning'inia kichwani humo, wachomoe mbegu moja moja, waibane mdomoni na kuangusha ganda chini. Ukiikata ili bustani ionekane safi, umejinyima nusu ya pili ya msimu.

Kuhusu dawa za wadudu sina msimamo wa kati: usipulizie, hasa wakati wa viota. Ndege wengi wanaoishi kwa mbegu au nekta huwalisha makinda yao wadudu, kwa sababu kinda anayekua anahitaji protini. Ukimwona ndege amebeba kiwavi bila kukimeza, akarudi tena na tena upande uleule, jua kuna kiota karibu. Andika tarehe na usikisogelee.

Mwaka wa kwanza utakupa orodha tu. Mpangilio huonekana misimu ikirudi. Robert Marsham wa Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika tarehe za maua ya kwanza, majani ya kwanza na kufika kwa mbayuwayu. Familia yake iliendeleza kazi hiyo hadi 1958, na wanasayansi wamezitumia kumbukumbu hizo kupima jinsi majira ya kuchipua yanavyofuata joto. Alichokuwa nacho mwanzoni ni macho, kalamu na subira.

Siku ambazo hakuna kilichotokea, ziandike vilevile. "Mshubiri umechanua, chozi hakuja" ni taarifa kamili. Huenda kuna mti karibu uliochanua na una nekta nyingi zaidi. Siku hiyo acha kutazama mshubiri, angalia ndege wanaopita juu wanaelekea wapi.